Siku Maafisa Walipopita Ploti za Mboghoni

Mahindi ya Phanice Ajwang' yalikuwa yamefika magotini na yameanza kugeuka manjano. Haikuwa manjano ya kukomaa. Ilikuwa ile rangi ya ugonjwa, inayoanzia ncha ya jani la chini na kupanda katikati mpaka jani lote linalegea. Kila aliyepita kando ya mfereji aliiona, na Mutinda, jirani yake wa ploti ya juu, hakuweza kunyamaza.

"Mama Shanice, haya mahindi yanakufa njaa."

"Nayaona, Mutinda. Na yako je?"

Mutinda akageuka kuitazama ploti yake, akatema mate. Yake yalikuwa vilevile.

Huku Mboghoni maji si shida kubwa. Zamu yako ikifika unafungua mfereji, unayaelekeza kwa jembe, unalala na amani. Shida ni udongo. Umelimwa msimu juu ya msimu bila kupumzika, na usipoutilia mbolea unakupa mabua ya kulisha ng'ombe. Kwa hiyo kila mtu alikuwa akingoja mbolea ya serikali, ile ya bei nafuu, na msimu huu haikuwa imefika. Au ndivyo Mwalimu Silvanus alivyowaambia kwenye simu kila walipompigia: "Serikali haijatuma. Vumilieni."

Mwalimu Silvanus ndiye mwenye shamba. Ni Mdawida, yaani Mtaita, wa Bura, amefundisha shule za msingi mpaka akastaafu, na sasa ana agroveti, duka la mbegu na mbolea, mjini Voi. Shamba lake la Mboghoni ameligawa ploti ploti na kuzikodisha. Phanice alikuwa na ploti ya mwisho, kule mfereji unapoishia. Juu yake Mutinda, Mkamba aliyekuja kutoka Kibwezi. Juu ya Mutinda alikuwa Mable, mjane wa Kitaita ambaye hata ukimsalimia anakujibu kwa sauti ya kanisani.

Phanice mwenyewe alizaliwa Voi, kwenye nyumba za reli. Baba yake, Ooko, alikuwa fundi wa njia, na alipokufa alizikwa kwao Siaya, kwenye ardhi ambayo ilikuwa ya ndugu zake. Phanice akaolewa na Wanjala, mkata mkonge, naye Wanjala alipokufa akazikwa Bungoma, kwenye ardhi ambayo pia ilikuwa ya ndugu zake. Watu wakimuuliza kwao ni wapi, hujibu Voi. Wao hucheka na kusema Voi ni stesheni, si kwao kwa mtu. Yeye hachekei hilo. Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza aliyosema, na udongo wa kwanza aliouita wake, hata kama ni kwa kukodi, ulikuwa huu wa Mboghoni.

Na lazima niseme ukweli wote kuhusu Mwalimu Silvanus, la sivyo hamtaelewa kwa nini jambo hili lilimtesa Phanice hivyo. Wanjala alipofariki, Mwalimu alikuja na gunia la mchele, akakaa matangani mpaka mwili uliposafirishwa. Msimu uliofuata alimwambia Phanice alime tu, kodi waache kwanza. Shanice, binti ya Phanice, alipopata mtoto wake Valentine na baba wa mtoto akapotelea Mombasa, ni Mwalimu aliyemchukua kazi pale agroveti. Phanice alimwombea kila Jumapili kwa jina.

Zamani mbolea ya bei nafuu ilikuwa ikiletwa kwenye wadi na kugawanywa na kamati. Kamati ilikuwa na wizi wake. Mwenyekiti alijigawia kwanza, mashemeji wakafuata, na wewe ulipata iliyobaki. Lakini wanakamati walikuwa majirani, walijua nani anaamka alfajiri na jembe, na Phanice hakuwahi kurudi nyumbani mikono mitupu. Kisha utaratibu ukabadilishwa ili wizi huo ukome. Sasa kila mkulima ajiandikishe, aseme ana ekari ngapi, atoe namba ya simu. Mbolea ikiwa tayari, meseji inaingia kwenye simu yake, naye anaenda ghalani kuchukua kulingana na ekari zake. Watu walipiga makofi kwenye baraza. Hakuna aliyeuliza mkulima ni yupi, mwenye ardhi au mwenye jembe.

Mwalimu Silvanus alikuja na hati ya shamba, akaandikisha ekari zote kwa jina lake na simu yake. Waliokodi hawakuona ubaya. "Itakuja kwangu, nitawagawia," aliwaambia, na msimu wa kwanza aligawa vizuri. Msimu wa pili kila mtu alipata nusu. Msimu huu, kimya.

Phanice akaamua kwenda Voi. Maduka ya Taveta, mji wa karibu, yalikuwa yanauza mbolea kwa bei ya kuumiza, na alifikiri Shanice angemwombea Mwalimu ampe hata mfuko mmoja alipe baada ya mavuno. Hakupiga simu kwanza. Alishuka stendi, akakata kichochoro cha nyuma ya maduka kama alivyozoea, akasukuma mlango wa stoo.

Shanice alikuwa amejifunga leso puani, ameinama juu ya gunia lililofunguliwa. Alikuwa akichota mbolea kwa kopo na kuipima kwenye mifuko ya khaki ya kilo moja moja. Nyuma yake magunia mengine yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye dirisha. Kila gunia lilikuwa na alama ya serikali, na maandishi makubwa ya kukataza lisiuzwe tena dukani.

"Mama! Mbona hukusema unakuja?"

Phanice alikuwa akitazama magunia.

"Hii mbolea ni ya nani?"

"Ni stoki tu, mama."

"Shanice. Ni ya nani?"

Shanice akaiteremsha leso kidevuni. "Ongea polepole. Derrick yuko kaunta." Derrick alikuwa mpwa wa Mwalimu, na ndiye aliyekuwa macho yake mle dukani. "Ni ya Mwalimu. Ilitoka ghalani wakati watu wanapanda."

"Ilitoka kwa ekari za nani?"

Msichana akarudisha kopo guniani. Vumbi la mbolea lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Ulijua," Phanice akasema. "Mimi nakupigia nakwambia mahindi yanakufa, wewe uko hapa unaipima kwa kilo."

"Nilijua. Ningefanya nini, mama? Hii kazi ndiyo inalipa nyumba. Ndiyo inamlisha Valentine. Ungetaka nimwambie mtu aliyeniandika kazi kuwa ni mwizi?" Akaokota mfuko wa khaki, kisha wa pili na wa tatu, akaisukuma mikononi mwa mama yake. "Chukua hii. Hakuna atakayejua."

"Siibi."

"Si kuiba! Ni yako!"

"Kama ni yangu, mbona unanipa kwa mlango wa nyuma?"

Phanice akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele, akamsalimia Derrick, akanunua kilo chache kwa bei ya duka. Derrick alimfungia bila haraka, akimtazama usoni. Shanice hakutoka stoo.

Mbolea ile haikutosha. Phanice aliitia kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kwa kila shina, na iliishia kwenye mistari ya juu. Mistari ya chini aliiacha.

Aliwaambia Mutinda na Mable alichokiona. Mutinda alitukana kwa Kikamba, akasema atakwenda kuichoma hiyo agroveti, lakini hakwenda popote. Mable alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji.

"Huyu ni mtu wetu," alisema. "Dada yake tunaimba naye kwaya. Nikisema neno, Jumapili nitaingia kanisani na uso gani?"

"Na ukinyamaza, utavuna nini?" Mutinda akauliza.

Mable akasimama, akarudi kwenye ploti yake.

Sijui ni nani aliyelalamika mpaka ikasikika juu, maana malalamiko yalikuwa yanatoka kila upande, si kwetu tu. Lakini kabla mahindi hayajatoa mbelewele, naibu wa chifu aliitisha baraza na kutangaza mabadiliko mengine. Maafisa wa kilimo watapita ploti kwa ploti. Kuanzia sasa ataandikwa yule anayelima, awe na hati au hana. Mwenye shamba anaruhusiwa kuwepo. Aliyekodi atajitaja mwenyewe, na majirani wawili wathibitishe. Mboghoni watafika Jumatano.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, gari la Mwalimu Silvanus lilikuwa limeegeshwa chini kwenye mfereji. Alikuwa amevaa koti lake la ibada. Aliwasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, akakubali maji ya kunywa kutoka kwa Mable. Kisha akasema alichokuja kusema, kwa sauti ileile aliyokuwa akifundishia hesabu.

"Sitaki ugomvi na mtu. Lakini mjue jambo moja. Kodi yenu ni ya chini kuliko ya mashamba yote ya jirani. Kwa nini? Kwa sababu mbolea inapitia kwangu, na ile mbolea inanizibia pengo. Serikali ikiichukua kwangu ikawapa nyinyi, nitalazimika kuangalia kodi upya. Mnafikiri mtapata faida? Hamtapata. Itaingia na kutoka."

"Na ya msimu huu iko wapi, Mwalimu?" Mutinda akauliza.

"Imechelewa."

Phanice alikuwa amesimama nyuma. Aliinua macho, na Mwalimu naye alikuwa akimtazama. Hapo akajua kwamba Derrick alikwisha kumwambia yaliyosemwa stoo.

"Kwa hiyo," Mwalimu akaendelea, "mkiulizwa, semeni nyinyi ni vibarua wangu. Shamba nalima mimi, nyinyi nawalipa. Mambo yabaki yalivyo. Anayeona hiyo ni ngumu, akivuna msimu huu atafute shamba kwingine. Sitamlaumu."

Walipoanza kutawanyika alimwita Phanice kando, karibu na gari.

"Mama Shanice, yule msichana wako anafanya kazi vizuri sana. Ana heshima. Nisingependa kumpoteza."

"Hata mimi nisingependa, Mwalimu."

"Basi tumeelewana."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama siku ile ya matanga. Mikono ilikuwa na joto. Phanice alisema baadaye kwamba Mwalimu angemtukana, ingekuwa rahisi zaidi.

Jumanne jioni alimpigia Shanice. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na simu aliishika muda mrefu kabla ya kubonyeza.

"Kesho wanapita," akasema.

"Najua. Hapa ndiyo habari ya kutwa." Kisha, kwa haraka, "Mama, usiseme. Tafadhali. Mwalimu ameniita leo, amenionyesha mshahara wa mwisho wa mwezi, akauliza kama nataka kuupata na mwingine. Mimi si kama wewe, siwezi kuanza tena na jembe. Nina mtoto."

"Na mimi nina mtoto."

"Basi mfikirie!"

Phanice alisikia Valentine akilia kwa nyuma, na Shanice akimbembeleza huku simu ikiwa wazi. Alitaka kusema sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa akitazama ploti yake, ile mistari ya chini iliyokauka mpaka majani yalikuwa yanagongana kama karatasi, na akafikiria misimu yote itakayokuja, ya kulima hapa akijiita kibarua kwenye jasho lake mwenyewe, huku binti yake akiipima mbolea yao kwa kilo na kuwauzia watu wa Voi.

"Lala salama, mama," akamwambia bintiye, kama alivyozoea kumwita alipokuwa mdogo, na akakata.

Jumatano maafisa walifika watatu, wakiongozwa na Bi. Wendy, afisa wa kilimo wa wadi, msichana wa mwili mwembamba mwenye buti za mpira na kompyuta ndogo ya mkononi. Mwalimu Silvanus alikuwa amewatangulia. Alitembea nao ploti hadi ploti akiwaonyesha mipaka, na watu wengine kutoka mashamba ya jirani wakawa wanafuata nyuma, maana kila mmoja alitaka kuona ya wenzake kabla ya kufikiwa.

Walianza kwa Mable.

"Mama, hapa analima nani?"

Mable alitazama viatu vyake. "Ni shamba la Mwalimu. Mimi nasaidia."

"Unasaidia kama kibarua?"

"Ndiyo."

Bi. Wendy akaandika. Wakashuka kwa Mutinda. Mutinda, aliyekuwa ametishia kuchoma duka, alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili kama mtu anayejizuia kuanguka.

"Kibarua," akasema, kabla hajaulizwa.

Wakafika kwa Phanice.

Ploti yake ilionyesha kila kitu. Mistari ya juu ilikuwa imerudi kijani, ya chini ilikuwa imekufa. Bi. Wendy alitembea mpaka katikati, akashika jani, akaligeuza.

"Mbolea iliishia hapa?"

"Iliishia hapo."

"Nani anayelima hapa?"

"Mimi."

"Kama kibarua?"

Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Phanice, mikono nyuma, akitazama upande wa mlima kama mtu asiyehusika. Maji kwenye mfereji ndiyo yaliyokuwa yakisikika.

"Mama Shanice," Mwalimu akasema taratibu, bila kugeuka, "fikiria vizuri."

"Nimefikiria, Mwalimu." Kisha akamwelekea afisa. "Nimekodi. Nalima mwenyewe, mbegu nanunua mwenyewe, maji nafungua mwenyewe, mavuno ni yangu. Mwalimu namlipa kodi. Mimi si kibarua wa mtu."

Minong'ono ikapita nyuma. Bi. Wendy hakuonyesha chochote usoni.

"Nahitaji majirani wawili," akasema. "Nani anathibitisha?"

Hakuna aliyesogea. Phanice alimtazama Mutinda, na Mutinda akatazama udongo. Akamtazama Mable, naye alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Bi. Wendy akashusha kompyuta yake kidogo.

"Mama, bila mashahidi nitaandika kama alivyosema mwenye shamba."

"Anasema kweli," Mable akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno hata ikabidi aulizwe tena. Alipofungua macho yalikuwa na machozi, na hakumtazama Mwalimu. "Phanice amekodi. Nimemwona hapa tangu mumewe akiwa hai. Mungu anisamehe kwa nilichosema pale juu."

"Mmoja," Bi. Wendy akasema. "Nahitaji mwingine."

Hapo ndipo Mwalimu Silvanus alipokosea. Angebaki kimya, labda mambo yangemwendea vizuri. Lakini aligeuka kuwakabili watu wote, uso umeanza kumwiva, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Afisa, hawa ni watu wangu. Wanasema hivi kwa sababu wamechochewa. Hakuna hata mmoja ambaye simlipi. Kila Jumamosi nawalipa, na mfukoni mwangu."

"Kila Jumamosi?"

Alikuwa ni Mutinda. Aliliangusha jembe.

"Kila Jumamosi, Mwalimu? Hebu nionyeshe hiyo Jumamosi! Msimu uliopita nilikuuzia mbuzi wangu nikamalizia kodi yako. Mbuzi ulimchinja Krismasi ukala. Leo mimi ndiye unanilipa?" Akamgeukia Bi. Wendy. "Andika, madam! Huyu mama amekodi. Na mimi nimekodi. Rudi uandike upya na kwangu, nilidanganya."

Kwa muda Mwalimu alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. Hakupiga kelele, hakutukana. Alimwambia Bi. Wendy kwamba ana shughuli Voi, akapanda gari lake, na hata alipowasha injini hakuangalia nyuma.

Watu wakashangilia kwenye mfereji, na Bi. Wendy akawarudia wote watatu na kuwaandika. Alimuuliza Phanice kama msimu huu alipata mbolea yoyote ya serikali. Phanice alisema hakupata. Akamuuliza kama anajua iliko. Phanice alifikiria stoo, na binti yake na leso puani.

"Muulize mwenye simu iliyoingia meseji," akajibu.

Shanice alifutwa kazi siku iliyofuata. Alimpigia mama yake kumwambia, na hakulia. "Umepata ulichotaka," alisema, na baada ya hapo hakupokea simu. Phanice alimtumia meseji, kisha nyingine, kisha akaanza kumpigia mwenye nyumba wa Shanice kuulizia tu kama mtoto ni mzima.

Yaliyofuata hayakwenda kama vile watu walivyotarajia walipokuwa wakishangilia kwenye mfereji. Mwalimu aliitwa ofisini kueleza kuhusu magunia, na nasikia bado anaeleza. Ekari zake zilipunguzwa kwenye orodha, akabakishiwa kipande anacholima mwenyewe. Meseji ya Phanice iliingia kwenye simu yake, kwa jina lake, akaenda ghalani akasimama foleni, akatoka na mbolea. Alisema alipoliona gunia la kwanza likipakiwa alitaka kuimba, lakini hapakuwa na mtu wa kuimba naye. Na mbolea yenyewe ilikuja mahindi yakiwa yameshazaa yaliyoweza kuzaa.

Baada ya mavuno Mwalimu alituma ujumbe kupitia Derrick: Phanice asipande tena. Mutinda na Mable waliruhusiwa kubaki, lakini kodi ilipanda, na haikupanda kidogo. Mwalimu alikuwa amesema atafanya hivyo na alifanya. Mashamba ya jirani nayo yakafuata, kwa kuwa wenye ardhi wote walikuwa wamepiga hesabu ileile.

Mable alikuja kumsaidia Phanice kufungasha.

"Mbolea imeingia mkono huu, kodi imetoka mkono ule," Mable akasema hatimaye. "Kuna watu wanasema ungenyamaza."

"Na wewe unasemaje?"

Mable alikunja blanketi kwa uangalifu, pembe kwa pembe. "Mimi kodi nitalipa. Lakini yule dada yake Mwalimu bado hanisalimii kwaya, na hilo ndilo linaniuma."

Phanice alipata kipande Chala, karibu na mpaka. Huko ardhi ni rahisi kwa sababu hakuna mfereji. Ziwa lipo, lakini limekaa chini kwenye shimo lake la mawe, unalitazama tu, huwezi kuteka maji yake kwa ndoo. Unalima kwa mvua, na mvua isipokuja huna wa kumpigia simu. Ndovu nao wana njia zao. Alienda kwa Bi. Wendy, akamwambia amehama, na jina lake likahamishwa naye, kwa sababu sasa lilikuwa limeandikwa kwake na si kwenye shamba la mtu. Alipanda ndengu na mahindi kidogo, na ile mbolea iliyochelewa Mboghoni akaitia huko.

Mwaka ule ndengu zilikubali. Alikuwa akizipepeta uani, upepo wa mlimani ukimsaidia, aliposikia pikipiki. Shanice aliteremka akiwa na Valentine mgongoni. Alikuwa amekonda. Phanice aliweka ungo chini na hakujua kama amkimbilie au angoje, basi akabaki amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Waliketi. Mtoto alishushwa, akaanza kuchezea ndengu. Shanice akaeleza kwamba sasa yuko Miasenyi, kando ya barabara kuu, anauzia madereva wa malori chai na maharagwe, na kuna meza mwenzake amemwachia ya kuuza nafaka. Watu wa Mombasa wanataka ndengu. Alifikiria kama mama ana za kuuza.

"Ninazo," Phanice akasema.

Wakanywa chai. Ilikuwa karibu wakati wa yeye kuondoka ndipo Shanice alipouliza, akimfuta Valentine mdomo, bila kumtazama mama yake.

"Ungefanya tena? Ungejua yote, ungesema tena vile?"

Phanice angeweza kumjibu kwa maneno mazuri, lakini alikuwa amechoka na maneno mazuri.

"Ningesema," akajibu. "Lakini ile Jumanne ningekwambia kwamba nitasema. Nilikukatia simu ukidhani umenishinda. Uliamka asubuhi ukaenda kazini hujajiandaa. Hilo sikufanya vizuri."

Mwenye pikipiki alipiga honi, akasema giza litamkuta njiani. Shanice akamfunga mtoto mgongoni, akainamia gunia la ndengu.

"Shika huku mama, upande huu ni mzito."

Wakalinyanyua wote wawili.